Bili ya Maji Si Mkopo: Kosa la Mita Lisipandishe Riba ya Mtu

Tangu mwaka 2025, benki za Kenya zinapanga bei ya mikopo mipya yenye riba inayobadilika kwa mfumo ambao Benki Kuu iliutangaza Agosti mwaka huo. Msingi wa riba ni KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo benki hukopeshana kwa usiku mmoja. Juu ya msingi huo benki huongeza kiasi chake, na ndani ya kiasi hicho mna gharama za kukopesha, faida inayotarajiwa na wenye hisa na, mwisho, hatari ya mkopaji mwenyewe. Mikopo ya zamani ya aina hiyo ilipewa hadi mwisho wa Februari 2026 ihamie huko. Mjadala uliofuata ulihusu msingi tu: je, riba itashuka Benki Kuu ikishusha yake, au benki zitapata tena kisingizio? Ni swali halali, lakini kwa mkopaji mmojammoja si hapo penye uzito. KESONIA ni moja kwa kila mtu. Kinachomtofautisha mwalimu wa Kakamega na fundi wa Kariobangi ni kile kipande cha hatari, na hatari hiyo hupimwa kwa kiasi kikubwa kwa faili ambalo wengi wao hawajawahi kuliona, faili la CRB, yaani la kampuni zenye leseni ya kutunza kumbukumbu za jinsi watu wanavyolipa madeni.

Hoja yangu ni kwamba mfumo huu umebadilisha maana ya kosa ndani ya faili hilo, na kosa la hatari zaidi ni lile linalotoka kwa kampuni ya stima au ya maji, kwa sababu bili si mkopo. Zamani kosa lilikunyima mkopo, ukajua umenyimwa, ukauliza. Sasa unapewa mkopo, unashukuru, na unaanza kulipia kosa la msoma mita kila mwezi bila kujua kwamba unalilipia. Wanaotaka CRB zivunjwe wamekosea, na wanaosema kwamba taarifa nyingi zaidi humsaidia mteja daima wamekosea vilevile. Kinachotakiwa ni sharti la ushahidi kabla bili haijaruhusiwa kuingia kwenye faili la mtu.

Tulifikaje hapa? Kampuni ya kwanza ya CRB ilipewa leseni mwaka 2010, na leo ziko tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kazi yake ya awali ilikuwa nyembamba, benki kuambiana nani hakulipa. Kanuni za 2013 ziliipanua, na zile za 2020 zikaipanua tena huku zikiweka kinga fulani: deni lisilofika Sh1,000 lisipelekwe kama taarifa mbaya, cheti cha kwanza cha CRB kitolewe bure, na wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa na yeyote wapokonywe idhini ya kuwasilisha majina. Katikati ya hayo kukawa na sheria ya ukomo wa riba, kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019. Benki zilipozuiwa kumtoza mteja wa hatari riba ya juu, zilimfungia mlango tu. Ndiyo maana kizazi kizima cha Wakenya kinaielewa CRB kama orodha ya waliofungiwa. Ukiwa ndani umekwisha, ukiwa nje uko salama. Picha hiyo imepitwa na wakati. Serikali yenyewe imekuwa ikisema tangu Septemba 2022 kwamba nchi inaondoka kwenye orodha na kuingia kwenye alama, yaani namba inayopima uaminifu wa mtu katika kulipa, na alama haina ndani wala nje. Ina kupanda na kushuka, na kila kushuka kuna bei.

Kampuni za huduma zinaingiaje hapa? Kanuni zinaruhusu asiye benki kuwasilisha taarifa za wateja wake CRB akipata idhini ya Benki Kuu. Kampuni za maji na za umeme si mara moja zimewatisha wadaiwa wao kwa jina hilo la CRB, na mwenye kuziendesha huenda haoni tofauti yoyote kati yake na benki: mtu ametumia, hajalipa, basi ajulikane. Tofauti ipo, na ni kubwa. Mkopo una sahihi yako. Una tarehe ya kutolewa, kiasi mlichokubaliana na ratiba ya malipo, na fedha zimepita kwenye akaunti yenye jina lako na namba ya kitambulisho chako. Ukibisha, benki inatoa karatasi. Bili ni dai la upande mmoja. Kampuni inasema umetumia yuniti kadhaa, na kipimo ni mita ambayo ni mali yake, iliyosomwa na mtu wake, au ambayo haikusomwa kabisa bali ilikadiriwa ofisini kwa sababu geti lilifungwa au palikuwa na mbwa. Mteja hakuitia sahihi bili hiyo. Hata kuiona huenda hakuiona.

Tena mita hupima nyumba, haimpimi mtu. Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, na hapahitaji nia mbaya ya yeyote. Mpangaji wa Umoja anafungua akaunti ya stima kwa jina lake, anaishi miaka mitatu, anahamia Kitengela. Hakupeleka barua ya kufunga akaunti, au aliipeleka ikalala mezani. Anayeingia nyuma yake anaendelea kutumia. Bili inaendelea kuandikwa jina la aliyehama, ujumbe unakwenda kwenye simu aliyokwisha kuibadilisha. Kwenye ploti yenye mita moja ya maji mambo huwa magumu zaidi: vyumba kumi na viwili, mwenye nyumba anakusanya fedha za maji pamoja na kodi, na anayedaiwa kwenye vitabu ni aliyetia jina siku ya kuunganishwa bomba, ambaye pengine ni marehemu na nyumba imeshapita kwa warithi. Kisha kuna akaunti za miaka mingi zenye jina na namba ya ploti tu. Siku kampuni inapotaka kupeleka wadaiwa CRB, faili la kule linadai namba ya kitambulisho, kwa hiyo lazima mtu aketi aoanishe majina na vitambulisho. Katika nchi yenye akina Mohamed Ali na akina Mary Wanjiku kwa maelfu, kuoanisha huko ni mahali pa kuogopa.

Wako watakaosema kwamba mita za tokeni zimemaliza tatizo hili. Kwa stima zimelipunguza sana, kwa maana huwezi kudaiwa ulichokilipia kabla. Lakini maji ya mijini kwa sehemu kubwa bado hulipiwa baada ya kutumiwa, akaunti za stima za bili bado zipo, na madeni ya zamani hayafi kwa sababu mita imebadilishwa. Niliwahi kukaa na ndugu wa karibu tukipitia ripoti yake, na deni lililomwangusha lilikuwa la nyumba aliyoiacha zamani, kwa kipindi ambacho mkataba wake wa kupanga mahali pengine ulikuwa mezani mbele yetu. Ofisi ya kampuni hiyo ilimwambia alipe kwanza, malalamiko baadaye.

Sasa tuzitazame hoja za upande wa pili kwa haki, kwa sababu baadhi yake ni nzito. Iliyo nzito kuliko zote ni ya mtu asiye na historia. Mama muuza mboga wa Gikomba ambaye hajawahi kukopa benki hana alama, na asiye na alama huhesabiwa karibu sawa na mwenye alama mbaya. Lakini amelipa maji na stima miaka kumi bila kukosa. Nidhamu hiyo ikiingia kwenye faili lake, inaweza kumfungulia mkopo wa kwanza kwa riba ya mtu mwenye adabu ya kulipa. Rwanda ilipopitisha sheria yake ya taarifa za mikopo mwaka 2010 ilielekea huko, ikazileta kampuni za simu na za umeme kwenye mfumo. Ninaikubali hoja hii kabisa. Tatizo ni kwamba inahitaji kampuni ziripoti waliolipa pamoja na wasiolipa, mwezi hadi mwezi, na kazi hiyo ina gharama na haina faida ya haraka kwa kampuni. Vitisho tunavyovisikia haviwahusu wanaolipa. Hakuna kampuni inayotangaza kwamba mwezi huu itawapeleka CRB wateja wake waaminifu. Anayemtumia mama wa Gikomba kutetea orodha ya wadaiwa anamtumia tu, kwa sababu yeye hatafaidika na orodha hiyo kamwe. Atakachoweza kupata humo ni jina lake kuingizwa kimakosa.

Hoja ya pili ni ya kampuni zenyewe: madeni yanaziua, na bila fedha hakuna mabomba mapya wala transfoma. Ni kweli madeni ni mzigo. Lakini tumtazame nani anadaiwa. Miongoni mwa wadaiwa wakubwa wa stima na maji ni taasisi za umma zenyewe, zikiwamo serikali za kaunti zilizorundika bili za taa za barabarani na za ofisi. Kaunti haiendi kuomba mkopo wa bodaboda, kwa hiyo CRB haiitishi. Silaha hii, kwa umbile lake, haiwezi kumgusa mdaiwa mkubwa, inamfikia mdogo peke yake. Na kwa mdogo kampuni tayari ina silaha ambayo benki haina: inaweza kukata huduma. Asiyelipa maji hukatiwa maji. Kumkatia maji, kisha kumpandishia riba ya mkopo kwa miaka, ni adhabu mbili kwa dai moja ambalo pengine halijathibitishwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi kaunta: ni fedha kidogo, lipa uondoke. Nimeisikia hata kwa watu wazuri, wanaotaka kukupunguzia usumbufu. Tuipime kwa hesabu. Chukua bili ya Sh6,000 isiyo yako, na mkopo wa Sh500,000 wa miaka mitatu. Kwa riba ya asilimia 15 utalipa takriban Sh17,330 kwa mwezi. Benki ikikuona mtu wa hatari kidogo zaidi ikakupa asilimia 18, utalipa takriban Sh18,080. Tofauti ya mwezi haikushtui, lakini kwa miezi 36 ni zaidi ya Sh26,000, zaidi ya mara nne ya bili yenyewe. Basi si bora kuilipa? Hapana, kwa sababu kulipa hakufuti. Kanuni za CRB zinaacha taarifa mbaya ikae miaka mitano tangu deni kumalizwa. Faili litasema ulidaiwa, ukachelewa, ukalipa, na mwenye kulisoma ataelewa kwamba deni lilikuwa lako. Ukilipa ukiwa umenyamaza, unaitia sahihi ile bili ambayo mwanzoni haikuwa na sahihi yako. Kinga ya Sh1,000 nayo haisaidii hapa, maana bili iliyokadiriwa kwa miezi michache huivuka kiwango hicho haraka.

Na wale wanaotaka CRB zifungwe? Tulijaribu kitu cha karibu na hicho. Oktoba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza madeni yasiyozidi Sh5 milioni yasiorodheshwe kwa miezi kumi na miwili, na agizo likamalizika Septemba 2022. Novemba mwaka huohuo Benki Kuu ikaleta mpango wa kurekebisha rekodi za mikopo midogo ya simu, ambapo mkopeshaji alitakiwa asamehe angalau nusu ya deni na mteja apewe nafasi ya kulipa iliyobaki hadi Mei 2023. Wakopaji waliolengwa walizidi milioni 4. Hatua zote mbili zilikuwa na huruma, lakini zililenga waliokopa kweli wakashindwa. Aliyeorodheshwa kwa deni lisilo lake hakuwa na la kusamehewa. Angeambiwa nini, alipe nusu ya uongo? Msamaha na usahihi ni vitu viwili, na siasa zetu zimekuwa zikitoa cha kwanza ili zisifanye kazi ya cha pili.

Sheria, cha kushangaza, tunayo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kusahihishwa au kufutwa kwa taarifa isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomwathiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inairudia haki hiyo na kuiongezea meno: kifungu chake cha 40 kinamtaka aliyewasilisha taarifa zako kwa mwingine achukue hatua za kumjulisha huyo mwingine kwamba umeomba zisahihishwe. Huo ndio ufunguo ambao waathiriwa wengi hawautumii. Wanakimbilia CRB, wanagombana na CRB, na CRB inawajibu kwa haki kwamba yenyewe ni ghala, imeandika ilicholetewa. Ni lazima umwandikie CRB, kweli, maana malalamiko ya maandishi huilazimu iweke alama kwenye ripoti kwamba taarifa hiyo inabishaniwa na imtake mleta taarifa achunguze. Lakini barua nzito iende kwa kampuni iliyosema uongo, siku hiyohiyo. Iandikwe kwa jina la sheria, ikiambatanishwa na mkataba wa kupanga, barua ya kuhama au picha ya mita yenye tarehe, na idai mambo mawili: bili ifutwe, na kampuni yenyewe iijulishe CRB. Ikikaa kimya, lalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data linatakiwa kisheria kukamilishwa ndani ya siku 90. Kwa stima kuna EPRA, kwa maji kuna WASREB, wadhibiti wa huduma hizo. Na ripoti yenyewe una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Iombe kabla ya kuomba mkopo, usingoje baada.

Hata hivyo sitaki kumtupia mteja kazi yote, kama tunavyopenda kufanya. Mtu anayefanya kibarua Industrial Area hawezi kupoteza siku tano za ujira akizunguka ofisi nne kuthibitisha kwamba hakuoga maji ya watu. Mzigo wa kuthibitisha uwe kwa anayepeleka jina. Kabla ya bili kufika CRB, kampuni ionyeshe kwamba mita ilisomwa kwa macho na si kwa kukadiria, kwamba aliyetajwa ndiye aliyekuwa akiishi pale kwa kipindi hicho, kwamba notisi ilimfikia yeye na si simu iliyokufa, na kwamba hakuna lalamiko lake lililobaki bila jibu. Ikishindwa moja kati ya hayo, ina njia zake nyingine za kudai, ikiwamo mahakama ya madai madogo inayosikiliza madai hadi Sh1 milioni na inayotakiwa kuamua ndani ya siku 60. Kampuni itasema masharti haya ni magumu mno. Ni magumu kwa kadiri ya madhara. Asiyeweza kuthibitisha deni mbele ya hakimu hana sababu ya kulithibitisha kimyakimya mbele ya kila benki nchini.

Upande wa benki nako kuna pengo. Mfumo mpya unazitaka zichapishe wastani wa riba zao na viwango vya nyongeza, na hilo ni jema, ila wastani haumwelezi mteja mmoja kwa nini yeye kapewa zaidi. Marekani, ambako riba kwa kadiri ya hatari ni desturi ya muda mrefu, tangu Januari 2011 mkopeshaji anayempa mtu masharti mabaya kuliko wengine kwa sababu ya ripoti yake anapaswa kumpa notisi ya kumweleza hivyo. Ndugu zetu walioko Minneapolis na Houston wamezipokea barua hizo na wanajua thamani yake: ndiyo mara ya kwanza wengi wao kusikia kwamba kuna jambo kwenye faili. Nako kulikuwa na sababu. Utafiti wa Tume ya Biashara ya Shirikisho uliotolewa mwaka 2013 ulikuta mtu mmoja kati ya watano ana kosa lililothibitishwa kwenye angalau moja kati ya ripoti zake tatu, na asilimia 5 walikuwa na makosa yanayoweza kuwapandishia gharama ya mkopo. Hiyo ni nchi ambayo sheria yake ya ripoti za mikopo ni ya 1970, yenye anwani za nyumba zinazoeleweka na namba moja ya utambulisho inayotumika kila mahali. Sisi tuna ploti zisizo na anwani, na laini za simu zinazobadilishwa kwa wepesi.

Kwa hiyo Benki Kuu, iliyoleta KESONIA, iongeze notisi ya namna hiyo: kila aliyewekewa nyongeza ya hatari aambiwe ni taarifa gani iliyoisababisha na nani aliyeileta. Sharti la ushahidi kwa kampuni za huduma linaweza kuja haraka zaidi, kwa sababu ni Benki Kuu hiyohiyo inayotoa idhini ya kupeleka majina CRB, na ni EPRA na WASREB zinazotoa leseni za stima na maji. Hakuna muswada unaohitaji kusubiriwa bungeni. Masharti ya idhini na ya leseni huandikwa ofisini, na ofisi hizo tatu ziko Nairobi. Kila mwezi zinapochelewa, kuna mtu anayelipa Sh740 za ziada kwa maji aliyoyaoga mwingine, na risiti ya benki haimwambii.